Mtungi umejaa, moto hautaki kupanda: grili ndogo kwenye gesi ya karavani

Mtungi mkubwa mbele ya karavani umejaa. Jiko la ndani linawaka vizuri, friji inapoza, maji ya moto yapo. Mwenye karavani anatoka na grili yake ndogo, anaichomeka kwenye kiungio cha gesi kilicho ubavuni, anafungua koki na kuwasha. Moto unatoka, lakini ni moto gani huo! Vindimi vya bluu, vifupi kama kichwa cha njiti ya kibiriti, vinatambaa juu ya matundu ya bana, yaani kile kichomeo cha grili. Anazungusha kitasa hadi mwisho, hakuna kinachobadilika. Baada ya nusu saa nyama imepauka, imetoa maji na haijaiva. Kwa hasira anachomoa mpira wa gesi, anaifungia grili ule mtungi mdogo wa kutupa (unaotupwa ukiisha) anaoutumia siku zote, na papo hapo moto unanguruma.

Gesi ya mitungi yote miwili ni propani ile ile. Kilichomponza ni presha. Kwenye mtungi mdogo ilishushwa mara moja kabla ya kufika kwenye moto. Kwenye karavani imeshushwa mara mbili, kwanza na karavani yenyewe, kisha na grili. Ukishalishika hilo, karibu maswali yote ya kazi hii yanajijibu yenyewe: kwa nini moto ni hafifu, kipi kitolewe na kipi kibaki, mpira gani ununuliwe, na hatari imejificha wapi.

Presha ya mtungi na presha ya jiko

Ndani ya mtungi propani imekaa kama kimiminika, nayo huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo karibu popote mtu anapoweza kupiga kambi, kimiminika hicho kinatamani kugeuka gesi, na kinachokizuia ni presha ya mvuke uliokwisha kujaa juu yake. Presha hiyo inafuata joto, haifuati kiasi kilichobaki. Kwenye nyuzi 0 za Selsiasi ni kama bar 3.7 juu ya presha ya hewa (bar moja ni karibu sawa na presha ya hewa inayotuzunguka). Kwenye nyuzi 20 ni bar 7 na ushei. Jua likiukamata mtungi ukafika nyuzi 40, inapita bar 12. Ndiyo maana geji ya presha haikwambii gesi imebaki kiasi gani. Mtungi uliojaa na mtungi wenye robo husoma sawa mpaka kimiminika kikaribie kuisha. Ukitaka kujua, upime kwa mizani.

Jiko haliwezi kuishi na presha inayopanda na kushuka namna hiyo. Linataka presha ndogo isiyoyumba. Karavani za Marekani hutumia inchi 11 za maji, yaani kama milibar 28 (milibar ni sehemu ya elfu ya bar). Karavani za Ulaya siku hizi hutumia milibar 30. Namba hizi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na njia nzuri ya kuzihisi ni hii: chukua mrija, utumbukize wima kwenye ndoo ya maji mpaka sentimita 28 ziwe zimezama, kisha puliza mpaka mapovu yaanze kutoka chini. Presha iliyotoka kinywani mwako ndiyo inayolilisha jiko la karavani. Ile ya mtungi, siku ya nyuzi 20, ingeweza kusimamisha nguzo ya maji yenye urefu wa mita 75.

Kazi ya kuivusha gesi kutoka mita 75 hadi sentimita 28 ni ya regulata. Ni kifaa kisicho na umeme wala akili ya kompyuta, lakini mimi bado kinanifurahisha. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira chenye springi juu yake, na chini yake mkono mdogo unaofungua na kuziba tundu la kuingizia gesi. Presha upande wa jiko ikishuka, springi inakisukuma kiwambo chini na tundu linafunguka. Presha ikipanda, gesi inakiinua kiwambo na tundu linazibwa. Mchezo huo hauishi muda wote jiko linapowaka, na wewe unachokiona ni moto uliotulia. Kwenye karavani za Marekani kazi hii kwa kawaida hufanywa kwa hatua mbili ndani ya kifaa kimoja: hatua ya kwanza huishusha gesi hadi kiasi cha bar 0.7, ya pili huimalizia hadi milibar 28. Tangu hapo, kila bomba linalopita chini ya karavani lina presha ya pumzi tu, pamoja na lile linaloishia kwenye kiungio cha nje.

Sasa itazame grili. Ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya mtungi mdogo wa kutupa, ule wa Marekani wenye kiasi cha gramu 465 za propani, basi ina regulata yake mwenyewe, kwa kuwa mtungi huo hauna. Regulata hiyo ina tundu dogo sana la kuingizia gesi. Wametoboa dogo makusudi, kwani linatarajia bar kadhaa nyuma yake, na kwa msukumo wa bar kadhaa hata tundu la sindano linapitisha gesi ya kutosha. Ukiilisha kwa milibar 28, kiwambo kinashuka mpaka mwisho na tundu linafunguka lote, lakini hakuna kinachosukuma. Tundu lile lile la sindano sasa linaombwa lipitishe gesi ya grili nzima kwa nguvu ya pumzi. Hapo ndipo moto wa kichwa cha njiti unapozaliwa. Hakuna kilichoharibika, hakuna kilichoziba, na kubadilisha mtungi hakusaidii kitu.

Njia ya presha ya chini

Suluhisho la kwanza ni kuitoa regulata ya grili na kuiacha ile ya karavani ifanye kazi peke yake. Mpira wa presha ya chini unatoka kwenye kiungio cha ubavuni na kuingia moja kwa moja kwenye bomba la bana. Hii ndiyo njia ninayoipenda, maana gesi inayopita hatua chache kutoka kwa watoto wanaocheza ni ya presha ndogo, na kiungio chenyewe hakifunguki mpaka kichomekwe sawasawa.

Ina masharti mawili, na la kwanza ndilo watu huliruka. Soma kibandiko cha grili, kwa kawaida kiko nyuma au chini yake. Kikiandika inchi 11 za maji, milibar 28 au 30, nozeli zake, yaani vile vitundu vinavyoingiza gesi kwenye bana, zimetobolewa kwa presha hiyo na zitafurahi. Lakini majiko mengine ya kambini, hasa yale membamba ya bana mbili yanayojikunja kama mkoba, regulata zao huishusha presha nusu njia tu, na nozeli zao ni ndogo kuliko za jiko la nyumbani ili ziendane na presha hiyo. Ukiwaondolea regulata na kuwapa milibar 28, watawaka kwa unyonge ule ule, safari hii kwa sababu nyingine. Gesi inayopita kwenye nozeli haipungui sambamba na presha, hupungua polepole zaidi: presha ikishuka hadi robo, gesi hushuka hadi nusu. Hata hivyo nusu ya moto ni moto mbovu, na jiko lililozoea bar nzima halipati hata nusu.

Hapo ndipo mtu huanza kutafuta kekee nyembamba ili apanue nozeli. Tafadhali usifanye. Nozeli haipitishi gesi tu, kasi ya gesi inayotoka pale ndiyo inayovuta hewa iingie kwenye mrija wa bana. Ukiongeza tundu bila kujua hesabu yake, unapata gesi nyingi na hewa kidogo, moto wa njano wenye masizi, na kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Watengenezaji wengine huuza nozeli za kubadilishia zenye namba zake. Wa grili yako akiwa hauzi, hilo ni jibu tosha kwamba njia hii si ya grili hiyo.

Sharti la pili linaonekana pale unapoishika grili mkononi. Kwenye grili nyingi ndogo, regulata na kitasa cha kurekebisha moto ni kipande kimoja: chuma cha mviringo chenye kitasa upande mmoja na thredi (mistari ya skrubu) ya kufungia mtungi upande mwingine. Ukikifungua kipande hicho, umetoa pia njia ya kupunguza moto. Utabaki na grili inayowaka kwa nguvu zote au isiyowaka kabisa. Usikubali kuishi hivyo kwa kutegemea koki ya karavani, ambayo imetengenezwa kufunga na kufungua, si kupunguza. Zipo koki za presha ya chini zenye kitasa, za kufungwa mahali pa ile regulata, na zingine huja tayari na mpira wake. Nunua iliyotajwa kwa jina la grili yako. Thredi za vifaa hivi hufanana kwa macho na kutofautiana kwa robo milimita, na thredi iliyolazimishwa huvuja.

Ulaya kuna mtego mwingine. Karavani za zamani za Ujerumani zilitumia milibar 50, na grili nyingi za Uingereza zimeandikwa milibar 28 kwa butani (gesi nyingine ya mitungi) na 37 kwa propani. Hizi za Uingereza huwaka vizuri kwenye milibar 30, huenda kwa joto pungufu kidogo. Grili ya milibar 50 kwenye karavani ya milibar 30 itakuwa dhaifu. Kinyume chake, grili ya 30 kwenye karavani ya 50, si cha kujaribu.

Njia ya presha ya juu

Suluhisho la pili linageuza mambo: regulata ya grili inabaki mahali pake, na gesi inachukuliwa kabla haijafika kwenye regulata ya karavani. Fundi hufunga kiungio cha njia tatu au nne cha shaba kati ya mtungi na regulata. Mdomo mmoja unaendelea kulisha karavani, mwingine una thredi ile ile ya mtungi mdogo wa kutupa. Kuanzia hapo mpira wa presha ya juu unafika kwenye grili, nayo inadhani imefungiwa mtungi wake wa kawaida. Hakuna kitu ndani ya grili kilichoguswa. Kwa yale majiko yanayokunjwa kama mkoba, hii ndiyo njia yenye maana.

Gharama yake ni kwamba mpira mzima, tangu mtungini hadi kwenye grili, umejaa gesi ya bar 7 au zaidi. Ukikanyagwa na kiti, ukaguswa na chuma cha moto, au ukipasuka pale ulipokunjwa mwaka jana, kinachotoka si pumzi. Mpira uwe ulioandikwa kwamba ni wa propani ya presha ya juu, upite pasipo njia ya watu, na koki ya mtungi ifungwe mara tu upishi unapokwisha. Mpira wa presha ya chini usitumike hapa hata kama thredi zinakubali.

Kosa ambalo halina msamaha ni kuchanganya njia hizi mbili: kutoa regulata ya grili kisha kuichomeka kwenye upande wa presha ya juu. Linatokea kirahisi kuliko unavyofikiri. Mtu amebadilisha grili yake msimu uliopita ili itumie kiungio cha ubavuni. Safari hii yuko kwa rafiki mwenye kiungio cha shaba mtungini. Viunganishi vya kugeuza thredi vinauzwa kila mahali. Kinachohitajika ni dakika tano za ubunifu. Nozeli iliyotobolewa kwa milibar 28 ikipewa presha ya mtungi siku ya nyuzi 20 hutoa gesi mara 20 hivi ya ile iliyopangiwa. Huo si moto wa kuchomea nyama. Mimi grili niliyoitoa regulata naifungia kipande cha tepu nyekundu kwenye mpira, kimeandikwa kwa kalamu nene: presha ya chini tu.

Na ipo njia ya tatu ambayo haina ujanja wowote: mtungi wa pembeni wa kilo chache, wenye regulata yake, unaotumika kwa grili peke yake. Unaongeza mzigo, lakini hakuna wa kukuuliza maswali. Ukichoma nyama mara nne kwa mwaka, sioni sababu ya kukata bomba la karavani.

Moto ukigoma tena

Tuseme umefuata njia sahihi na bado moto ni mdogo. Kabla ya kulaumu regulata, fikiria jinsi ulivyofungua koki ya mtungi. Viungio vingi vya mitungi ya kisasa vina kizuizi cha usalama: gesi ikikimbia ghafla, kama inavyokimbia mpira unapokatika, kidude cha ndani hujisukuma na kubakiza upenyo mdogo tu. Kidude hicho hakijui tofauti kati ya mpira uliokatika na mtu mwenye haraka. Ukifungua mtungi kwa nguvu huku kitasa cha grili kikiwa wazi, kinajifunga, na unabaki na moto dhaifu unaofanana kabisa na ule wa regulata mbili. Funga vitasa vyote, funga mtungi, chomoa kiungio, subiri dakika moja au mbili, kisha rudisha na ufungue polepole kama mtu asiyetaka kuamsha watoto.

Urefu wa mpira nao una deni lake. Kwenye presha ya juu mita tatu au nne si kitu. Kwenye presha ya chini, ambako mtaji wote ni sentimita 28 za maji, mpira mrefu na mwembamba unakula sehemu inayoonekana ya mtaji huo, hasa grili ikiwa kubwa. Kwa urefu wa zaidi ya mita chache chukua wenye kipenyo cha inchi 3/8 badala ya 1/4.

Ikiwa moto ulikuwa mzuri jana na leo ni wa njano upande mmoja, huenda ni buibui. Hupenda kutandaza utando ndani ya mirija ya bana, mahali hewa inapoingilia. Brashi ndefu ya kusafishia chupa inatosha.

Kukaza, kupima, kuchomoa

Viungio vya gesi ni vya aina mbili na havitendewi sawa. Vile vyenye mdomo uliopanuliwa kama tarumbeta huziba kwa chuma kukutana na chuma, na tepu ukiizungusha pale inaharibu tu. Vile vyenye thredi inayopungua upana kuelekea mbele ndivyo vinavyohitaji tepu au dawa ya kuzibia, iliyoandikwa kwamba ni ya gesi. Tepu nyeupe ya mabomba ya maji iache kwenye maji. Jambo lingine linalowachosha wageni: kiungio cha zamani cha mitungi ya Marekani kina thredi ya kushoto, kwa hiyo hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Nimeshaona mtu akining'inia kwenye spana akikaza kitu alichodhani anakifungua.

Kisha sabuni. Changanya sabuni ya kuoshea vyombo na maji mpaka povu liwe zito, kitasa cha grili kiwe kimefungwa, gesi iwe wazi, na upake kila kiungio kwa brashi. Usiangalie haraka haraka. Uvujaji mkubwa hupuliza mapovu yanayopasuka, lakini ule mdogo hujenga povu jeupe laini, dogo kama kichwa cha pini, linalokua polepole kwa nusu dakika. Hilo la pili ndilo unalolitafuta. Kiberiti si kipimo.

Harufu unayoisikia si ya propani, bali ya dawa ya salfa iliyoongezwa ili pua ikuamshe. Propani yenyewe ni nzito kama mara 1.5 ya hewa, kwa hiyo ikivuja inamwagika chini, inajikusanya uvunguni mwa karavani na kupenya kwenye matundu ya sakafu. Inatosha asilimia 2 na kidogo ya hewa iwe propani ili cheche iiwashe. Kwa hiyo grili iwe mbali na mlango, mbali na tundu la hewa la friji, na isiwe chini ya turubai. Kuiingiza ndani mvua inaponyesha ni kualika ile kaboni monoksidi.

Wakati wa kumaliza, usianze na kitasa cha grili. Funga koki ya kwenye kiungio, au ya mtungi kama uko kwenye presha ya juu, uache moto uwake mpaka ufe wenyewe. Unaona vindimi vinafupika, vinarukaruka, kisha vinazimika kwa kamlio kadogo. Sasa mpira ni mtupu. Funga kitasa, chomoa, na urudishe kifuniko cha kiungio kabla vumbi halijaingia kwenye ringi ya mpira iliyo ndani.